Maziwa Yasichanganywe

Kiingereza changu kilitoka kwenye mikebe ya rangi. Nimekuwa mweka stoo katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitengela tangu ujana wangu, na stoo ni mahali pazuri pa kusomea kwa mtu ambaye karo ilimtoa shuleni akiwa kidato cha pili. Kila kitu kinachoingia humo kina maandishi. Rangi ina maandishi, gundi ina maandishi, pampu ya maji huja na kijitabu kizima. Nilikuwa nikivipokea vitu hivyo, nikivipanga, kisha nikivisoma.

Niligundua mapema kwamba maandishi hayo yote yana mtindo mmoja. Rangi "must be stirred". Ukuta "should be cleaned". Rangi ya mafuta "may be thinned", na pampu "must not be started" ikiwa haina maji. Hakuna mkebe uliomwambia fundi, wewe, koroga. Rangi ni lazima ikorogwe, ukuta unafaa usafishwe, na mwenye kukoroga na kusafisha hatajwi popote. Nilikata vipande vya karatasi kutoka kwa mifuko mitupu ya saruji, nikaandika sentensi moja kwa kila kipande, nikavipanga kwa mafungu: must peke yake, should peke yake, can na may kila moja upande wake. Nilipoviangalia kwa muda wa kutosha, kanuni ilijionyesha. Kwanza huja kinachotendwa, halafu neno la lazima au la ruhusa, halafu be, ambayo haigeuki kuwa is wala was hata iweje, halafu kitenzi katika umbo lake la tatu. Nimeipima kanuni hiyo miaka mingi na bado imesimama.

Kwa hiyo kanisa letu liliponiomba nifundishe watu wazima Kiingereza Jumamosi alasiri, zilikuwapo mada nilizozifundisha kwa kupapasa, lakini hii sikuipapasa.

Darasa lilikuwa ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki na ubao mmoja uliochakaa katikati. Wanafunzi wangu walikuwa watu wenye kazi zao. Kulikuwa na mwendesha boda boda, mwenye bucha, wafanyakazi wachache wa viwandani, na mama mmoja wa Kimaasai, wa rika langu, aliyekuwa akija kutoka ng'ambo ya mji wa Kajiado. Huyo mama ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaouza maziwa kwa pamoja. Aliketi mbele, akaandika polepole, na hakuondoka na swali ambalo halijajibiwa.

Siku nilipoandika kanuni yangu ubaoni, niliwataka kila mmoja atunge sentensi moja. Mwendesha boda boda aliinua mkono kwanza, kama kawaida yake.

"Mwalimu, sikiza yangu. The teacher must be paid."

"Sahihi kabisa," nikasema.

"Na nani?" akauliza mwenye bucha.

"Hapo ndipo raha iko, buda. Sentensi haijasema."

Watu walicheka. Mwenye bucha alisoma yake: "The meat can be ate." Nikamwambia ni eaten.

"Hata kama haijaliwa bado?"

"Hata kama haijachinjwa. Umbo la tatu halihusu jana. Baada ya be, linahusu kutendwa tu."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei asiyoikubali, lakini alirekebisha. Yule mama hakucheka wala hakusoma. Alikuwa akiiangalia sentensi ya boda boda pale ubaoni. Wengine walipotoka alibaki kwenye kiti chake.

"Mwalimu, mimi niko na shida, na nafikiri dawa yake ni hiyo Kiingereza ya leo."

Alinieleza kwa mpangilio, na nilimheshimu kwa hilo. Kikundi chao kilikuwa kikiuza maziwa kwa mnunuzi mmoja mwenye gari la tangi, ambalo hupita asubuhi kwenye banda lao la kukusanyia. Wanawake huleta kila mmoja mtungi wake, maziwa yanamiminwa pamoja, gari linabeba. Wiki chache zilizopita gari lilikataa kubeba. Maziwa yalipopimwa yalikutwa na dawa ya ng'ombe, ile ya kudungwa kwa sindano. Kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kuchanganywa, yote ya asubuhi ile yalikataliwa, ya boma hili na ya boma lile. Tangu siku hiyo gari halijabeba tena. Mnunuzi alisema kikundi kiandike taratibu zake kwa Kiingereza, kisha mkaguzi atakuja kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachofanywa. Asiporidhika, nafasi yao katika gari itapewa kikundi kingine.

"Na mimi ndiye nilienda nyumba kwa nyumba nikiwaambia waache kuuza kwa chupa huko barabarani," alisema. "Walikataa, nikawabembeleza. Sasa hawana gari na hawana wateja wa chupa. Gari ikienda kabisa, mimi ndiye nimewapeleka huko."

Nikamwambia taratibu za maziwa si ngumu kuandika. Akasema anajua. Ugumu ulikuwa mwingine.

"Dawa ni ya wanaume. Ng'ombe akiwa mgonjwa, mzee ananunua dawa, mzee anadunga. Maziwa ni yetu. Mimi mwanamke nikiandika kwa karatasi mwanaume afanye hivi, mwanaume asifanye vile, hiyo karatasi itafika kwa wanaume kabla mimi nifike nyumbani. Lakini hii ya leo haitaji mtu. Inasema tu ng'ombe. Hakuna mtu atakasirika na ng'ombe."

Niliona mara moja kwamba alikuwa ameielewa mada kuliko wote. Watu husema mtindo huu wa Kiingereza ni baridi, ni wa ofisini. Mimi sikubaliani nao. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kumwamrisha mwenzake usoni na bado wakaishi vizuri, na mtindo huu huyasema mambo hayo bila kumnyooshea mtu kidole. Tuliketi chini tukaandika.

Aliandika yeye, mimi nikirekebisha. Mwanzoni aliandika "must be wash" na "must washed", na kila mara nilimrudisha ubaoni mpaka mkono wake ukazoea. Kiwele ni lazima kioshwe kabla ya kukamua. Maziwa yachujwe kwa kitambaa safi. Mitungi isiachwe juani. Ng'ombe aliyedungwa ni lazima awekwe alama. Maziwa ya ng'ombe aliyedungwa yasichanganywe na mengine.

Nilipendekeza nyongeza, kwamba maziwa hayo "must be thrown away". Aliweka kalamu chini.

"Mwalimu, maziwa hayatupwi."

"Lakini yana dawa."

"Yana dawa, na hayatupwi. Kwetu ukimwaga maziwa ukijua unamwaga, watu wanakuangalia vibaya hata kama ni tone moja tu. Nikiwaambia kina mama watupe, watasema ndiyo hapa, na nyumbani wataficha waongeze kwa mtungi."

Tulifikiri. Mwishowe aliandika mwenyewe kwamba maziwa hayo "must not be sold", na chini yake kwamba "may be given to the dogs". Katazo la kwanza halina mlango wa kutokea, ruhusa ya pili inao. Nilifurahishwa na ile may. Wanafunzi wangu wengi huiogopa na kutumia can kila mahali.

Alinialika nije niisome karatasi ile mbele ya kikundi na kuieleza kwa Kiswahili, kwa sababu ingekuwa na uzito zaidi ikitoka kwa mtu asiye na ng'ombe. Ni kweli sina. Watu wangu ni wakulima kutoka Ukambani na mimi mwenyewe nina kuku tu.

Banda lao liko mbali kidogo na barabara kuu, upande ambao malori ya mawe hupita na kuacha vumbi jeupe juu ya waya za ua. Ni banda la mabati lenye sakafu ya saruji, meza ya kupimia na tangi la bati la kumiminia maziwa. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mabenchi na mitungi iliyopinduliwa. Nje, kando ya ua, walisimama wanaume kadhaa wakiegemea fimbo zao. Hawakuja mkutanoni. Banda la maziwa si mahali pao, na kila mmoja alikuwa na namna ya kusimama iliyoonyesha kwamba anamngoja mtu fulani wa barabarani. Lakini walikuwa karibu vya kutosha kusikia.

Nilisalimu kwa Kimaa kama nilivyofundishwa, wakaitikia kwa wema. Nikasoma. Kila utaratibu niliusoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na mwenyekiti akaurudia kwa Kimaa. Kiwele kioshwe. Walisema ndiyo. Maziwa yachujwe. Ndiyo. Mitungi isiachwe juani. Ndiyo. Mambo yalikuwa yakienda vizuri kama sentensi zenyewe. Nikasoma kwamba ng'ombe aliyedungwa ni lazima awekwe alama.

Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, ambaye wote walimwita koko, yaani nyanya, aliuliza, "Awekwe na nani?"

"Na mhusika," nikajibu.

"Mhusika ni yule daktari wa kaunti?"

Wakacheka. Nikasema mhusika ni yeyote aliye karibu na ng'ombe. Mwanamke kijana aliyekuwa na mtoto mgongoni akanigeukia kwa upole, kama anayemweleza mgeni njia.

"Mwalimu, mimi nakamua kukiwa giza. Mzee alidunga ng'ombe jana mchana nikiwa nimeenda maji. Hiyo alama nitaiweka kwa ng'ombe gani?"

"Umuulize mzee."

"Nimuulize juu ya ng'ombe yake?"

Kicheko kikawa kikubwa. Kutoka kando ya ua sauti ya mwanamume ikasema, "Na sisi je, tuwaulize juu ya maziwa?" Sasa walicheka hata wanaume, na nikajua kuna jambo ambalo wote wanalijua isipokuwa mimi. Mwenyekiti akanieleza kwa sauti ya kawaida, bila aibu. Ng'ombe wanagawiwa nyumba, kila mke na wake wa kukamua, na kinachotoka kwenye kiwele ni cha mke wa nyumba hiyo. Mwanamume anayechungulia kibuyu au kuuliza wamekamua kiasi gani anaonekana hana adabu. Naye mwanamke hamhoji mume kuhusu mifugo. Hivyo anayejua dawa hazungumzi habari za maziwa, na anayekamua haulizi habari za dawa. Ng'ombe yuko katikati, na ng'ombe hasemi.

Alikuwa amenieleza nusu ya mambo haya siku ile ukumbini, na mimi nilikuwa nimeyasikia kama sababu ya kuandika vizuri. Nilikunja karatasi. Sentensi zangu hazikuwa na kosa hata moja, na nilizisimamia. Lakini ile ya alama ilihitaji watu wakubaliane kwanza, ndipo iandikwe.

Mwenyekiti alisimama. Alizungumza Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu, au labda kwa sababu kwa Kimaa yangekuwa mazito zaidi.

"Ile siku gari lilikataa. Nataka nijue leo. Ni ng'ombe ya nani ilikuwa imedungwa?"

Hakuna mwanamke aliyejibu, na haikuwa kwa kuficha. Hakuna aliyejua. Waliojua wote walikuwa nje ya ua.

"Ni yangu," alisema mwanamume mmoja pale nje.

Alikuwa mrefu, mvi zimeanza, shuka limekunjwa vizuri begani. Nilimjua kwa namna mwenyekiti alivyokaza mdomo. Alikuwa mume wake.

"Ile nyeupe yenye bega jekundu," aliendelea. "Titi ilikuwa imevimba. Nilidunga siku mbili."

"Na hukusema, baba watoto."

"Sikuulizwa. Na ningesemaje? Niingie kwa nyumba nikwambie usiuze maziwa yako? Ungesema nimeanza kuchunga vibuyu."

"Angesema," koko alithibitisha. "Mimi ningekuwa wa pili kusema."

 Mwenyekiti akamgeukia mwanamke mmoja mnene aliyeketi benchi la nyuma.

"Mama, mimi nilikuwa nafikiria ni wewe."

"Nilijua," yule mama akajibu. "Nilikuja kwako ukanipa chai baridi."

"Pole."

"Utanipa ingine."

Pale kando ya ua mwanamume mwingine, mfupi na mwenye maneno, alishindwa kuvumilia. "Sasa mnataka nini? Tufunge ng'ombe bendeji kama mgonjwa wa hospitali?"

"Funga," alisema koko. "Ukikosa bendeji, funga na hiyo shuka yako. Hata hivyo imekwisha."

Watu walicheka mpaka mtoto aliyekuwa mgongoni akaamka. Mwenyekiti peke yake hakucheka.

"Utafunga wapi?" alimuuliza yule mfupi.

"Nini?"

"Hicho kitambaa. Utafunga wapi kwa ng'ombe?"

Mwanamume alimtazama kuona kama anataniwa. Akasema shingoni. Wanawake wakakataa wote kwa pamoja. Shingoni kuna kamba na kengele, na nani anashika shingo ya ng'ombe akienda kukamua. Mwenye mtoto akasema mguuni. Mguu wa nyuma, pale wanapofunga kamba ili ng'ombe asipige teke. Mkono hufika pale kabla ya kufika kwenye kiwele, hata macho yakiwa yamefumbwa. Ukigusa kitambaa, unajua.

"Na mimi sitasema chochote?" aliuliza mume wa mwenyekiti.

"Hutasema chochote."

"Na wewe hutaniuliza?"

"Nikuulize nini? Nitakuwa nimeshika."

Alipapasa kichwa cha fimbo yake. Nilielewa alichokuwa akikipima. Hakuna aliyekuwa akimwomba aingie katika mambo ya maziwa, wala mke wake hakuwa akiingia katika mambo ya ng'ombe. Aliombwa afunge kitambaa kwenye mguu wa mnyama wake mwenyewe, saa ile ile anapoweka sindano mfukoni.

"Na kutoa?" aliuliza. "Maana mwanamke akiona maziwa yanapotea siku nyingi, atatoa hicho kitambaa."

Wanawake walinung'unika, lakini hakuna aliyekana. Wakakubaliana kwamba aliyefunga ndiye atakayefungua, siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zikiisha. Anayekamua asikiguse.

Mwenyekiti akanirudia mimi. "Mwalimu, hiyo Kiingereza yako inakubali kutaja mtu?"

"Inakubali. Unaongeza by mwishoni, halafu unamtaja."

"Basi ongeza."

"Nilidhani hukutaka watajwe."

"Sikutaka kuwaamuru. Sasa wamesema wenyewe, wako hapo nje. Waandikwe."

Nikaandika juu ya meza ya kupimia, kwa kutulia, kwamba kitambaa chekundu "must be tied" kwenye mguu wa nyuma "by the owner of the cow", na kwamba hakiwezi kuondolewa na mwingine. Nikawasomea. Koko aliuliza lile neno owner linamaanisha nini. Nikamwambia linamaanisha hao walio nje ya ua. Akasema ni neno zuri.

Mkaguzi alitoa taarifa kwamba angekuja asubuhi ya siku ya kazi, wakati wa kukamua, katika boma lolote atakalochagua. Mwenyekiti aliniomba niwepo, ili mkaguzi akiuliza Kiingereza kisimkimbie. Nilimwambia bosi wangu, nikalala kwa rafiki mjini Kajiado, na alfajiri nikafika. Mkaguzi alikuwa msichana wa umri wa binti yangu, amevaa gambuti na koti jeupe, na karatasi yetu mkononi. Alichagua boma la mwenyekiti. Alisema ni jambo la kawaida kuanzia kwa kiongozi.

Kulikuwa na giza bado na baridi ya kuuma vidole. Ng'ombe walikuwa wakipumua mvuke ndani ya boma. Mwenyekiti alikamua wa kwanza na wa pili. Nilikuwa nimejikunja ndani ya jaketi nikimtazama anavyofanya: maji, kitambaa, kamba, kiwele. Mkaguzi alimfuata na tochi, akiimulika chini ili asimsumbue.

Kwa ng'ombe wa tatu mwenyekiti aliinama na kamba yake, kisha akasita. Mkono wake ulibaki pale mguuni. Nilimwona akiuinua uso kuelekea langoni, ambako mume wake alikuwa amesimama akisugua meno kwa kijiti, akitazama upande mwingine kabisa. Kisha akanyanyuka, akaenda nyumbani, akarudi na ndoo ya plastiki badala ya mtungi.

"Huyu kwa nini unamkamulia ndoo?" mkaguzi aliuliza.

"Amedungwa."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu ameniambia."

Mkaguzi alimulika. Mguuni palikuwa na utepe wa shuka jekundu uliofungwa mafundo mawili, safi, mpya. Mkaguzi aliutazama, akatazama karatasi, akaenda moja kwa moja kwa yule mzee langoni. Alimsalimu kwa kumpa kichwa, kama inavyomfaa mtoto, naye mzee akamgusa utosini.

"Mzee, ulidunga dawa gani?"

Alitaja.

"Utatoa kitambaa lini?"

Mzee alitoa chupa kutoka ndani ya shuka lake, akamwonyesha mahali palipoandikwa, akataja siku. Mkaguzi alisoma, akakubali. Kisha akageuza karatasi yetu upande wa pili.

"Hapa mmeandika maziwa yake yanaweza kupewa mbwa. Na mbwa wasipokunywa?"

"Wewe hujaona mbwa wetu," alisema mzee.

Ndoo ilipowekwa chini hazikupita dakika nyingi kabla msichana yule hajawaona mbwa wakiimaliza. Aliandika kitu kifupi. Tukaenda bandani. Wanawake walikuwa wamefika na mitungi yao. Mkaguzi alichota maziwa kutoka kila mtungi, akachovya vijiti vyake vya kupimia, akaviweka mezani kwa mstari na kungoja. Mwenyekiti alisimama kando ya meza, mikono imekunjwa ndani ya shuka. Nilijaribu kukisoma kijiti kilichokuwa karibu nami, lakini sikujua rangi ipi ni njema, na sikuuliza.

Mkaguzi alivikusanya kimoja kimoja.

"Hakuna dawa," alisema. "Mnaweza kumimina. Gari liko njiani, na litakuwa likija kama zamani. Nitakuwa nikipita bila kutoa taarifa."

"Pita," alisema mwenyekiti. "Pita hata kesho."

Yule mama mnene wa benchi la nyuma alikuwa wa kwanza kuinua mtungi wake. Wengine wakafuata, na mlio wa maziwa yakigonga bati la tangi ukajaza banda zima. Mkaguzi aliniambia karatasi ile ilikuwa imeandikwa vizuri. Nikamwambia imeandikwa na mwenyekiti, mimi nimerekebisha be na kuongeza by tu, na hiyo ndiyo hali halisi. Kisha gari likaja, bomba likaunganishwa, na mwenyekiti akatia sahihi.

Nilipokuwa nikirudi kuelekea barabara kuu nilipita kando ya boma lao. Mume wake alikuwa bado langoni, ng'ombe wameanza kusukumana nyuma yake wakitaka malisho. Gari la tangi lilikuwa limepita mbele ya macho yake muda mfupi uliopita, na lisingeweza kumwambia lolote. Likiwa tupu na likiwa limejaa linafanana. Mke wake alikuwa bandani, na hata angekuwa nyumbani asingemuuliza. Alinipa mkono, tukaulizana habari za mvua. Kisha akatazama upande wa milima na kusema, kana kwamba ni jambo la barabara tu:

"Hilo gari. Limebeba?"

"Limebeba yote," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa. Akavuta mti wa lango, akasimama pembeni, akawaangalia ng'ombe wake mmoja mmoja wakitoka.